Sahihi Iliyonishinda

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa vioo, na kona moja ya karatasi ilikuwa imeshaanza kubanduka. Nilikuwa nimekwenda chuoni kufuata nakala ya matokeo yangu, kazi ya nusu saa, nikapita njia ya mkato kupitia jengo la zamani la mihadhara kama nilivyopita kila siku kwa miaka mitatu. Tangazo lilisema jengo litafungwa mwisho wa muhula, kisha litabomolewa, na mahali pake patasimama jengo jipya la ghorofa nane. Chini yake kulikuwa na mchoro wa rangi: vioo vya buluu, miti mirefu, watu wembamba wakitembea mikono mitupu.

Nikapanda ngazi.

Ngazi za jengo lile ni za zege, pana kiasi cha watu watano kupita sambamba, na kila kidato kimelika katikati. Upande wa kulia unapanda ukingo wa zege, kimo cha goti, ambao wanafunzi huukalia wakisubiri kipindi. Nguo za watu zimeusugua hadi ukawa laini kama jiwe la mtoni. Ukiupitishia kiganja polepole unahisi vibonde, kimoja baada ya kingine, kila kimoja upana wa mtu. Na ukutani, usawa wa macho, bado zinaonekana alama za mbao zilizolishikilia zege siku lilipomwagwa. Zinaonekana hata vifundo vya mti wenyewe. Miaka mitatu nilipita hapo na sikuwahi kuviona vifundo vile. Siku hiyo nilisimama nikavihesabu: saba katika ubao mmoja.

Wiki hiyo hiyo, rafiki niliyesoma naye akatuma barua kwenye kundi letu la WhatsApp. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja kwa uongozi wa chuo, iliyoandikwa vizuri, ikiomba jengo lihifadhiwe kama urithi. Kila mmoja aweke jina lake chini. Hadi usiku majina yalikuwa yameshafika kumi na tisa.

La kwangu halikuwamo.

## Ndoo tatu

Nilikuwa na sababu. Barua ililiita jengo lile "kazi bora ya usanifu", na mimi nililifahamu kutoka ndani.

Mvua ikinyesha, ndoo tatu zilipangwa kwenye ukumbi wa juu: moja karibu na jukwaa, mbili kwenye safu ya nyuma. Tulijua viti vya kukwepa kama mtu anavyojua mashimo ya barabara ya kwao. Rasimu ya kazi yangu ya mwaka wa mwisho, kurasa arobaini za mkono, ilinyeshewa nikiwa ndani ya jengo, mkoba ukiwa chini ya kiti na mimi nikiandika maelezo ya mhadhiri. Nilianika kurasa zile kitandani usiku kucha. Wino ulikuwa umetanda, na sura nzima ya tatu niliiandika upya kwa kukumbuka.

Jua likiwaka, ukumbi uligeuka tanuri kufikia saa saba. Na sauti ilirudi. Mhadhiri akisema neno, ukuta wa nyuma ulilirudisha juu ya neno lililofuata, hivyo waliokaa mwisho walisikia maneno mawili kwa pamoja na hakuna waliloelewa.

Sasa niweke sahihi kwamba jengo hili ni bora?

Lakini kila nilipoifunga ile barua bila kusaini, kiganja changu kilikumbuka ule ukingo. Pale ndipo nilipobishana na watu ambao mpaka leo nafikiri kwa hoja zao. Pale ndipo mwanafunzi wa idara nyingine, ambaye sikujua hata jina lake, alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo muhula mzima lilinishinda. Nikaanza kujiuliza kama ninalililia zege au ninaulilia ujana wangu, na swali hilo likakaa nami wiki sita. Nilikwenda nalo kazini, nikalala nalo.

## Miaka mia nne na sabini na tano bila paa

Nilianza kusoma. Nilitaka kujua kwanza kama chuo kinahitaji jengo hata kidogo, na jibu la kwanza lilinishtua.

Chuo Kikuu cha Bologna, huko Italia, huhesabu umri wake tangu mwaka 1088. Jengo lake la kwanza la kuwaweka wote pamoja, Archiginnasio, lilifunguliwa mwaka 1563. Katikati hapo, kwa miaka ipatayo 475, walimu walifundisha majumbani mwao, kwenye vyumba vya kupanga na makanisani. Chuo kilikuwa watu. Vizazi kwa vizazi vya wanasheria vilihitimu bila kuwa na ukuta hata mmoja wa kuuita wao.

Niliposoma hivyo nilipata nafuu, kwa siku mbili hivi. Kumbe jengo ni ganda tu. Bomoeni, wanafunzi watakaa kwingine.

Kisha nikasoma kilichotokea baada ya jengo kupatikana. Wanafunzi waliacha nembo za koo zao kwenye kuta na dari za Archiginnasio, maelfu kwa maelfu, hadi hakuna pa kuweka mkono. Ndani yake kulikuwa na ukumbi wa kufundishia upasuaji wa maiti, uliochongwa kwa mbao kuanzia mwaka 1637. Tarehe 29 Januari 1944, bomu liliuangusha ukumbi ule. Baada ya vita watu waliingia kwenye kifusi wakaokota vipande vya mbao na sanamu zilizokuwa zimesalia, wakaujenga upya kwa vipande hivyo hivyo.

Chuo ambacho kwa zaidi ya karne nne kiliishi bila jengo kilipiga magoti kwenye kifusi kuokota mbao.

Hapo nafuu yangu ikaisha. Watu wakishakaa mahali, mahali hapo hupata haki fulani juu yao. Sikuweza kuitaja haki hiyo kwa jina, lakini nilijua ipo, maana nilikuwa nimeigusa kwenye ukingo wa ngazi.

## Banda la mbao na jengo la msanifu maarufu

Katika kusoma nilikutana na jengo moja ambalo hadi sasa nalifikiria mara nyingi kuliko mengine yote. Halikuwa na jina. Lilikuwa na namba: Jengo la 20, katika chuo cha MIT nchini Marekani.

Lilijengwa mwaka 1943 kwa haraka, kwa mbao, ili watafiti wa rada wapate pa kufanyia kazi wakati wa vita. Lilikusudiwa kung'olewa vita vikiisha. Lilikaa hadi mwaka 1998, miaka 55. Joto lilikuwa kali wakati wa kiangazi, madirisha yalipitisha upepo, na mpangilio wa vyumba uliwapoteza hata wenyeji. Msanifu yeyote angelionea aibu. Lakini ndani yake mtu aliyetaka kupitisha waya alitoboa ukuta akapitisha. Aliyekuwa na mtambo mrefu kuliko chumba aliondoa sakafu. Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu jengo halikuwa na thamani ya kulindwa. Wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walikuwa na ofisi humo, chini ya paa moja na wahandisi na wanafizikia, na watu ambao kwa kawaida wasingekutana walikutana kwenye korido.

Mahali pale pale, mwaka 2004, likafunguliwa Stata Center, kazi ya msanifu maarufu Frank Gehry: kuta zinazoinama, mabati yanayometa, jengo linalopigwa picha kila siku. Mwaka 2007 chuo kikamshtaki msanifu kwa madai ya kuvuja, nyufa, na mifereji inayorudisha maji. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2010.

Sisemi kwamba banda ni bora kuliko jengo. Ningeishi kwenye lile banda ningelalamika kila kiangazi. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nimelipima jengo letu kwa kipimo kimoja tu, yaani ndoo. Zile ndoo zilikuwa kweli, na bado watu wa idara nne walikaa kwenye ukingo ule mmoja wakisubiri mlango mmoja ufunguliwe. Mchoro wa vioo vya buluu ulionyesha lifti sita. Niliutazama tena kwenye simu, nikaukuza. Sikuona pa kukaa.

## Lililozungushwa

Katika wiki ya tatu nilikutana na mwenzake jengo letu.

Ni jengo la Kitivo cha Historia la Cambridge, Uingereza, lililosanifiwa na James Stirling na kukamilika mwaka 1968. Sehemu mbili za matofali mekundu na vioo zinakutana kama herufi L, na katikati yake hema kubwa la kioo linafunika maktaba ya kusomea. Ukiangalia picha unavutiwa. Waliosoma humo waliungua wakati wa joto, waliganda wakati wa baridi, na walinyeshewa. Vigae vya nje vilibanduka vikaanguka. Miaka ya 1980 chuo kilifikiria kwa dhati kulibomoa.

Na hapa ndipo nilipoweka simu chini nikatulia. Lile jengo lilikuwa limesanifiwa kuelekea upande mwingine. Kiwanja kilibadilika baada ya michoro kuwa imeiva, likageuzwa robo mzunguko ili liingie kwenye eneo lililopatikana, na lile hema la kioo likaangaliana na jua ambalo halikukusudiwa kuangaliana nalo. Wasomaji waliokuwa wakitokwa jasho pale mezani walimlaani msanifu. Makosa yake yalikuwepo, hilo halina ubishi. Kioo kingi vile kina matata popote kilipo. Lakini sehemu ya mateso yao ilitokana na uamuzi wa kiwanja ambao hawakuujua.

Mwisho lilitengenezwa, na mwaka 2000 likaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Halikubomolewa.

Niliandika kwenye daftari swali moja: la kwetu liligeuzwa wapi?

## Ahmedabad

Kuna kisa kimoja ambacho kilinikosesha raha kabisa, kwa sababu hakijampa yeyote ushindi.

Mwaka 1962 Louis Kahn, msanifu wa Marekani, alipewa kazi ya kubuni Taasisi ya Menejimenti ya India, mjini Ahmedabad. Alifanya kazi na Balkrishna Doshi, mwenyeji. Walitumia tofali la kuchoma la kawaida kabisa, na wakalitendea haki ambayo tofali hulipata kwa nadra: kuta nene zenye matundu makubwa ya duara, matao yaliyofungwa kwa mihimili ya zege, vivuli vinavyotembea ukutani mchana kutwa. Kahn alikuwa akitoka India, mwezi Machi 1974, alipofariki ghafla kwenye stesheni ya treni mjini New York.

Mwezi Desemba 2020 uongozi ulitangaza kubomoa mabweni 14 kati ya 18. Sababu zilikuwa zile zile: yanavuja, yana nyufa, tofali linaoza, tetemeko la mwaka 2001 liliyadhoofisha. Wasanifu wa dunia nzima walipiga kelele. Tarehe 1 Januari 2021 uongozi ukaurudisha mpango nyuma. Mwaka 2022 ukasema tena kwamba hali ya majengo hairuhusu.

Mtu anaweza kusema haraka kwamba waliopiga kelele walikuwa mbali na hawakulala chini ya dari linalodondosha vipande. Nami nilisema hivyo. Mwanafunzi aliyemo chumbani usiku ana haki ya kwanza kuliko mpenzi wa picha.

Lakini kwenye kampasi ile ile, kwa tofali lile lile, maktaba ilikuwa imekarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, na ukarabati huo ukapata tuzo ya UNESCO mwaka 2019. Tofali lile lile! Kwa hiyo hoja kwamba haliwezekani ilikuwa na jirani anayeipinga, hatua chache tu kutoka kwenye mabweni. Ukarabati ni ghali, na bweni lina vyumba vingi vya kuishi watu wakati maktaba ni ukumbi. Najua si sawa na sawa. Ila nilianza kuona kwamba "halitengenezeki" mara nyingi ni sentensi iliyokatwa mwisho wake. Kwa kiasi gani? Na nani? Tangu lini hamjajaribu?

Nikakumbuka pia Jengo Kuu la Makerere, lile la mwaka 1941, lililoteketea kwa moto usiku wa Septemba 2020. Walilijenga upya kwa sura yake ya zamani, na mwaka 2024 likarudi. Jengo likiungua, kila mtu hujua analipenda. Likioza polepole, huwa hakuna siku hata moja ya kulia.

## Majina yasiyo kwenye kibao

Neno "urithi" kwenye ile barua ndilo lililonitesa zaidi. Nililisoma mara nyingi. Urithi kutoka kwa nani?

Kampasi inayotajwa sana katika habari za usanifu ni ile ya Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani: Chuo Kikuu cha Virginia, kilichoanzishwa mwaka 1819. Uwanja mrefu wa nyasi, nyumba kumi za maprofesa pande mbili, kila moja na sura yake, walimu wakilala juu na kufundisha chini. Katikati yao vyumba 54 vya wanafunzi vilivyounganishwa kwa varanda ya nguzo. Na kichwani jengo la mviringo, Rotunda, nusu ya vipimo vya Pantheon, hekalu la kale la Roma. Ndani yake hakuweka kanisa. Aliweka maktaba. Wazo zuri kiasi kwamba wengi wameliiga.

Waliochimba udongo, wakachoma matofali na kuyapanga, wengi wao walikuwa watumwa. Kwa miaka mingi kampasi ile ilielezwa kwa jina moja la mtu. Mwaka 2020 ulikamilika mnara wa kumbukumbu wa mawe, duara lenye alama zipatazo 4,000 zilizochongwa ukutani, moja kwa kila mtu anayekadiriwa kufanya kazi pale utumwani. Nyingi ya alama hizo hazina jina juu yake. Ni mkato tu kwenye jiwe.

Niliitazama picha ya mikato ile kwa muda mrefu.

Kisha nikajiona. Wiki tano nilikuwa nimesoma habari za wasanifu, wakuu wa vyuo na maprofesa. Kuhusu jengo letu nilikuwa nimewasiliana na watu sita, wote wahitimu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika ufagio ndani yake.

## Mzee mwenye ufunguo

Nilirudi siku ya Alhamisi, mchana, wakati kumbi ziko tupu. Alikuwa ghorofa ya pili anapiga deki kwa kurudi nyuma, ili asikanyage alikokwisha kupita. Nilimkumbuka mara moja. Miaka yote ile alikuwapo, na jina lake sikuwahi kuuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta ofisi ipi?"

Nikamwambia sitafuti ofisi, nimekuja kulitazama jengo. Nilisoma hapa. Akaegemeza fimbo ya deki ukutani, akanitazama.

"Ulikaa upande gani, ukumbi wa juu?"

"Nyuma. Karibu na ndoo."

Hapo ndipo aliposema lile ambalo wiki sita za kusoma hazikunipa.

"Hili paa halijatoboka," alisema. "Maji hayana pa kwenda."

Akanieleza bila haraka, akionyesha kwa mkono. Paa ni bapa, lina matundu manne ya kupokea maji ya mvua, moja kila pembe. Kutoka kila tundu bomba linashuka likiwa limefichwa ndani ya nguzo ya zege, ndiyo maana kwa nje huoni mfereji wowote na kuta zinaonekana safi. Zamani kulikuwa na fundi aliyepangiwa kupanda kabla ya kila msimu wa mvua, anasafisha matundu, anapaka lami mpya kwenye maungio. Fundi akastaafu. Nafasi yake haikujazwa. Mti ulio upande wa kaskazini ukakua ukapita kimo cha paa, ukawa unadondosha majani juu, na kila mwaka matundu yalizidi kuziba. Maji yakaanza kutuama kama bwawa, kina cha kiganja. Maji yaliyotuama hutafuta, na mwisho huona.

"Nilisema," aliongeza. "Mara ya kwanza nilisema kwa mdomo. Mara ya pili mjukuu wangu aliniandikia."

Ufunguo wa mlango wa paa alikuwa nao mfukoni, umefungwa kamba ya katani. Alikuwa amekabidhiwa na yule fundi siku ya kuaga, na hakuna aliyeuulizia tangu hapo.

Nilikaa kwenye ukingo. Nilikuwa nimemlaumu msanifu kwa zile kurasa arobaini, miaka yote, mtu ambaye alikuwa amelipa maji njia nne za kutokea.

## Yasiyotibika kwa ufagio

Isieleweke kwamba mzee alilisafisha jengo lote kwa sentensi mbili. Kabla sijaondoka alinipeleka chini ya ukumbi wa juu akanionyesha dari. Kwenye kona, kipande cha zege kama sinia kilikuwa kimeanguka, na nondo zilikuwa nje, nyekundu kwa kutu. Nondo ikipata maji hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linaloizunguka hupasuka kwa kusukumwa kutoka ndani. Likishapasuka, maji huingia zaidi. Kwa hiyo kilichoanza na majani huenda leo kimefika kwenye mifupa. Mimi si mhandisi. Siwezi kuahidi kwamba dari lile litabeba watu mia mbili miaka kumi ijayo, na sitaki mwanafunzi yeyote awe kipimo.

Joto nalo halikutoka kwenye bomba. Hapo msanifu wetu alikosea, na dawa ilikuwapo wakati wake. Kule Ife, Nigeria, msanifu Arieh Sharon kutoka Israeli alianza miaka ya 1960 kujenga kampasi ambayo baadhi ya vitivo vyake vimekaa kama piramidi iliyogeuzwa: kila ghorofa inatokeza kuliko ile ya chini yake, hivyo ya juu huikinga ya chini dhidi ya jua na mvua, na chini kabisa ni wazi, upepo unapita. Umbo ndilo lililofanya kazi ya mashine. La kwetu lina kuta zilizosimama wima na madirisha yanayotazama magharibi bila hata kope.

Na mwangwi? Mbao na vitambaa ukutani. Hilo hata fundi wa kawaida angelimaliza kwa wiki moja, na kwa miaka yote hakuitwa.

## Barua ya pili

Usiku ule nilimpigia rafiki aliyeandika barua. Nilimwambia siwezi kusaini kwamba jengo ni kazi bora, lakini naweza kusaini kitu kingine, na nikamsomea nilichoandika. Kilikuwa na mistari michache. Kwamba paa lina matundu manne na yameziba kwa miaka mingi. Kwamba tunaomba yazibuliwe sasa, kabla ya mvua. Kwamba mhandisi asiye na mkataba wa jengo jipya apime nondo na zege, na ripoti yake isomwe na wanafunzi. Kwamba ikionekana ni hatari, libomolewe, ila ngazi na ukingo wake vipimwe na kuchorwa, ili anayejenga upya ajue watu walikaa wapi.

Alinyamaza kidogo.

"Hii haina moyo," alisema. "Ya kwanza iliwaliza watu. Unataka tukaombe bomba?"

"Ndiyo."

"Na wakisema libomolewe?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba wakilibomoa baada ya kupima nitaumia, na nitanyamaza. Wakilibomoa kwa sababu linavuja, wakati hakuna aliyepanda juu kutazama, hilo sitaweza kunyamazia.

Tulibishana hadi saa sita usiku. Majina matatu yaliondolewa kwenye barua ya pili, watu walioona tumesalimu amri, na mmoja wao ni mtu ninayempenda sana. Thelathini na mmoja walibaki. La kwangu liko la saba. Barua ilipelekwa, na hadi ninapoandika haijajibiwa.

Jumamosi mzee aliomba ruhusa kwa msimamizi wa jengo, akapewa, akanipigia simu. Tulipanda kwa ngazi ya chuma, yeye mbele. Paa lilikuwa na tope jeusi, na mche wa ule mti, urefu wa mkono, umeota karibu na tundu la pembe ya kaskazini. Alinipa glavu za mpira. Nikachomeka mkono hadi kwenye kiwiko na kuanza kutoa: majani yaliyooza yakawa kama uji, mchanga, mizizi, manyoya ya ndege, kifuniko cha kalamu ya buluu, kipande cha rula chenye namba kuanzia 4 hadi 9. Tuliendelea hivyo kwa saa nzima. Mzee akaingiza waya mrefu, akausukuma na kuuzungusha, akaurudisha.

"Teremka," aliniambia. "Nenda kwenye nguzo iliyo kando ya ngazi. Nitamwaga ndoo."

Nikashuka ghorofa mbili mbio. Wasichana wawili walikuwa wamekaa kwenye ukingo na madaftari yao. Walinitazama nikiikumbatia nguzo na kubandika sikio kwenye zege. Lilikuwa la baridi. Kwanza sikusikia kitu. Kisha kwa mbali juu kitu kikagonga, kikasita, kikaachia, na maji yakapita ndani ya nguzo, karibu kabisa na shavu langu, yakishuka.